Rangi ya maji au kamera: unayo jozi ya viatu vilivyotariziwa kwa mkono, uchague nini?

Sapatu za bibi yangu mzaa mama ni za mahameli ya rangi ya damu ya mzee. Juu ya vidole zimetariziwa kwa zari: ua moja la petali nane, vikonyo viwili vinavyopishana, na majani madogo madogo yaliyotawanyika mpaka ukingoni. Soli ni ya ngozi, imeshonwa kwa mkono, na ile ya mguu wa kulia imelika upande wa nje kwa sababu ndivyo bibi alivyokuwa akikanyaga. Nilipozitoa sandukuni, mahameli yalikuwa yamekwisha anza kupukutika. Kila nikizigusa, vumbi jekundu linabaki vidoleni. Nikajua iko siku kitakachobaki ni picha tu, na ikanibidi niamue iwe picha ya namna gani.

Kwanza nilizipiga picha kwa simu. Nikazipiga tena kwa kamera ya kuazima. Halafu nikakaa jioni kumi na tisa nikizichora kwa rangi ya maji. Tangu hapo nimekuwa nikiletewa swali lile lile na watu wenye vitu kama hivyo kabatini: huyu ana makubadhi ya babu yake, yule ana viatu vya harusi vya mama yake vyenye maua ya hariri. Nivichore au nivipige picha? Nimeona niandike yote mahali pamoja, kwa sababu jibu linategemea namna kiatu kilivyotariziwa na swali utakalotaka picha ikujibu baadaye.

Walioamua kabla yetu

Uamuzi huu uliwahi kufanywa kwa upana ambao haujapata kurudiwa mara nyingi. Mwaka 1935, Marekani ikiwa imelemewa na mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ya Franklin D. Roosevelt ilianzisha Federal Art Project ili wasanii waliokosa kazi wapate riziki. Ndani yake ukazaliwa mradi ulioitwa Index of American Design. Wazo lilitokana na wanawake wawili wa New York: Romana Javitz, aliyesimamia mkusanyiko wa picha katika maktaba ya umma ya jiji hilo, na Ruth Reeves, msanii wa nakshi za vitambaa. Javitz alikuwa akipokea wabunifu kila siku waliotaka kuona vitu vya zamani vya nchi yao vilivyotengenezwa kwa mikono, naye hakuwa na picha za kutosha za kuwaonyesha.

Basi mamia ya wasanii wakatumwa kwenye makumbusho na majumbani mwa watu wakachore: vyungu, vitanda, midoli, mashuka ya viraka, nguo, na viatu. Walichora sapatu za wanaume zilizotariziwa kwa sufu, viatu vya hariri vya maharusi, buti za watoto. Mpaka mradi unafungwa mwaka 1942, walikuwa wamekamilisha michoro zaidi ya 18,000. Leo iko National Gallery of Art mjini Washington, na picha zake zinapakuliwa bure kwenye intaneti. Ukipata muda, tafuta humo viatu peke yake uvitazame kwa utulivu. Kiatu kimekaa katikati ya karatasi tupu, kivuli chepesi chini yake, na unaona kabisa uzi ulivyopita.

Mbona hawakutumia kamera? Sababu ya kwanza ilikuwa ya zama zao. Filamu ya rangi ya Kodachrome ilianza kuuzwa mwaka 1935 kwa ajili ya sinema, na mwaka uliofuata kwa kamera za kawaida. Ilikuwa ngeni na ya gharama, na kuichapisha ilikuwa kazi nyingine. Picha ya nyeusi na nyeupe nayo, ukiielekeza kwenye ua jekundu juu ya jani la kijani, inaweza kukupa kijivu na kijivu. Sababu ya pili ilikuwa imani: Holger Cahill, aliyeongoza Federal Art Project, na wenzake waliona kwamba mchoraji mwenye subira hutoa tabia ya kitu, uzito wake na mguso wake, kwa namna ambayo lenzi haitoi.

Sababu ya kwanza imekufa. Simu iliyo mfukoni mwako inapiga picha ya rangi bila gharama yoyote. Ya pili ndiyo nataka tuipime.

Rangi

Hapa wengi hudhani kamera imeshinda kabla ya kuanza. Mimi sapatu za bibi zilinifundisha vingine. Simu ilizitoa nyekundu ya kung'aa, kama nyanya. Nikasogea kivulini, zikawa za zambarau. Nyekundu nzito huisumbua sana kamera ya simu: programu yake huongeza ukali wa rangi ili picha ipendeze machoni, na sehemu iliyokolea hugeuka doa moja lisilo na mikunjo wala vinyweleo vya mahameli ndani yake. Zari nayo inamulika. Pale inapopiga mwanga panakuwa peupe kabisa, kando yake panakuwa peusi, na ile dhahabu iliyochakaa, yenye wekundu kidogo kama chai, haipo popote.

Haya yanatibika. Piga picha mchana, karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, uzime taa zote za ndani. Weka kipande cha karatasi nyeupe kando ya kiatu ndani ya picha, ili baadaye uwe na cha kurekebishia rangi. Punguza mwanga wa picha kidogo kabla ya kubofya. Kamera ya kuazima, kwa kufuata haya, ilinipa rangi iliyokaribia sana.

Kwa brashi ilikuwa safari nyingine. Nilichanganya nyekundu na buluu kidogo na kahawia, nikajaribu kwenye vipande vya karatasi, nikaviweka juu ya mahameli yenyewe mpaka kimoja kikapotea. Ilinichukua jioni mbili nzima. Rangi ya maji hupakwa ikiwa imezimuliwa sana, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikisubiri iliyotangulia ikauke, na weupe wa karatasi hupenya kutoka chini. Kwa mahameli hii ni neema, maana mahameli yenyewe yana kina: unatazama ndani ya vinyweleo kabla hujafika kwenye kitambaa. Tabaka sita nyembamba zilitoa kina hicho. Tabaka moja nzito ilitoa udongo mwekundu.

Tahadhari moja kwa atakayeshika brashi. Nyekundu iliyozoeleka kwenye visanduku vingi vya rangi ni alizarin crimson, nayo ikipakwa kwa wepesi na kutundikwa ukutani hufifia. Soma kando ya tyubu: ukiona alama PR83, iache. Tafuta yenye alama PV19, inayostahimili mwanga vizuri zaidi. Kama kisanduku hakijaandikwa alama yoyote, ni cha kujifunzia, kwa hiyo usikitumie kwa kumbukumbu unayotaka wajukuu waione. Na usinunue rangi ya dhahabu inayometameta. Zari huchorwa kwa njano ya udongo, kahawia iliyokolea kwenye kivuli, na nukta ya karatasi nyeupe iliyoachwa bila kuguswa pale inapong'aa.

Mshono

Hapa ndipo nilipobadilika mawazo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jioni ya saba nilikuwa nimemaliza petali tatu. Nilikuwa nimejivunia. Nikaupeleka mchoro kwa shangazi yangu, ambaye ametarizi kofia tangu akiwa msichana na macho yake bado yanaona tundu la sindano bila miwani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Lete nione."

Kwanza nilimpa simu. Akaitazama picha, akasema viatu vizuri, Mungu amrehemu mwenyewe, akanirudishia. Kisha nikampa karatasi. Hakusema neno kwa muda. Akaweka kidole juu ya petali ya kwanza, akakifuatisha uzi polepole mpaka ukingoni, akarudi. Akafanya hivyo mara mbili.

"Hapa umechora zari inazama kitambaani, inatoka, inazama tena. Zari haipigwi hivyo, mwanangu. Ukiipitisha kwenye kitambaa inachanika. Hulazwa juu, halafu ikafungwa kwa uzi mwingine mwembamba. Nenda kaangalie, utauona uzi wenyewe. Utakuwa wa njano."

Nilirudi nyumbani nikachukua kioo cha kukuzia. Kweli. Nyuzi za zari zilikuwa zimelala mbili mbili, zikienda na kurudi, na kila baada ya milimita tatu hivi kuna kishono kidogo cha uzi wa njano kikizikamata pamoja. Nilikuwa nimetazama sapatu zile kwa wiki nzima bila kukiona. Zari yenyewe, nilipoitazama zaidi, ilikuwa ni utepe mwembamba wa madini uliozungushwa kwenye uzi wa ndani, na mahali utepe ulipofunguka uzi wa ndani ulichungulia. Ndiyo maana haivumilii kupitishwa kwenye tundu la sindano na kuvutwa kitambaani mara kwa mara.

Nikarudi kwenye picha zote nilizopiga. Katika ile ya kamera, nikiikuza sana, vishono vya njano vilikuwepo. Vilikuwepo muda wote. Lakini picha haikunilazimisha kuvitafuta, wala haikumlazimisha shangazi kuniuliza. Mchoro wangu ulikuwa na kosa, na kosa lile ndilo lililomfanya aseme alichokijua. Picha ingekaa kwenye simu miaka ishirini ikiwa sahihi, na mimi nikiwa sijui zari inavyoshonwa.

Ndiyo sababu, kwa kazi ya zari, na kwa hariri inayolazwa kwa mishono mirefu ya kujaza petali au jani, mimi nachagua brashi bila kusita. Mishono hiyo haina hesabu inayoonekana wazi: uelekeo wa uzi hubadilika kidogo kidogo, na mwanga hubadilika nao. Mchoraji analazimika kuamua kila uzi umetoka wapi. Akikosea, kosa linaonekana, na anayejua atalisahihisha.

Upo utarizi wa aina nyingine, na huo jibu lake ni tofauti. Mwanzoni mwa karne ya 19, wachapishaji wa Berlin walianza kuuza vielelezo vya kutarizi vilivyochapwa kwenye karatasi ya miraba, na kila mraba ukapakwa rangi kwa mkono. Mraba mmoja, mshono mmoja. Mtindo ukaenea Uingereza na Marekani, na sapatu za sufu zikawa zawadi maarufu ya mke kwa mume au binti kwa baba. Mwanamke alitarizi sehemu ya juu ikiwa bado bapa, juu ya kitambaa chenye matundu, kisha akaipeleka kwa fundi viatu aitie soli. Baada ya mwaka 1856, William Henry Perkin alipogundua rangi ya zambarau ya maabara na nyingine zikafuata, sufu hizo zikaanza kupata rangi kali ambazo hazikuwahi kuonekana.

Ukiwa na kiatu cha namna hiyo, au chochote kilichotariziwa kwa mishono ya msalaba inayohesabika, picha nzuri ya kamera inatosha kabisa. Miraba inajionyesha yenyewe. Ukitaka kuchora, chukua karatasi ya hesabu na penseli za rangi, jaza mraba kwa mraba, na utakuwa umerudisha kielelezo kile kile ambacho mtarizi alikitazama. Rangi ya maji ya tabaka tabaka hapo ni anasa. Nimeona mtu akihangaika nayo mwezi mzima kwa kazi ambayo karatasi ya miraba ingeimaliza kwa siku tatu.

Makubadhi nayo yana njia yake. Siyu, kisiwani Pate, ilisifika kwa mafundi wa ngozi, na sifa ya makubadhi imeenea pwani yote. Nakshi ya makubadhi iko kwenye ngozi yenyewe: mikato, mistari iliyobonyezwa, mishono ya rangi kwenye kanda. Kinachotakiwa hapo ni kuona kina. Weka taa moja chini, ubavuni mwa kiatu, mwanga upite ukilamba juu ya ngozi, uzime nyingine zote. Kila mkato utasimama. Picha moja ya namna hiyo ina thamani kuliko picha kumi za mwanga wa juu, na mimi makubadhi ningeyapiga picha kwanza, kisha nichore kanda moja tu kwa ukubwa wa mara mbili.

Umbo

Kiatu ni kitu cha kuzungukwa, na hapa kamera ina haki yake yote. Picha ya mbele, ya nyuma, ya pande mbili, ya soli, ya ndani: dakika kumi na umemaliza. Kuzichora zote kwa rangi ya maji ni kazi ya nusu mwaka. Soli hasa watu huisahau. Mguu wa bibi yangu uko kwenye soli ile, na nilipoipiga picha nilihisi nimepiga picha ya mwendo wake.

Ila simu ina tabia ya kudanganya umbo ukiikaribia mno. Pua ya kiatu huvimba na kisigino hukimbilia mbali. Rudi nyuma hatua mbili, kisha vuta kwa lenzi ya kukuza. Weka rula kando ya kiatu, usawa ule ule. Bila rula, atakayeitazama picha baada ya miaka hatajua kama ni kiatu cha mtu mzima au cha mtoto.

Mchoraji anayepima kwa rula na kuchora kwa ukubwa halisi anaepuka tatizo hilo. Anagundua na mengine. Viatu vingi vya Ulaya na Marekani vya karne ya 18 vilitengenezwa bila kushoto wala kulia: fundi alitumia kalibu moja kwa miguu yote miwili, na mvaaji ndiye aliyeviumba kwa kuvivaa. Ukikichora kiatu kama hicho unaliona hilo mkononi, kwa sababu mstari wa katikati unagawa nusu mbili zilizo sawa, na kupinda kokote unakoona kumeletwa na mguu. Nilipozipima sapatu za bibi, nilikuta nazo zilianza zikiwa sawa. Tofauti ya kushoto na kulia ameileta yeye.

Muda na fedha

Haya ni mafupi. Picha ni bure kama una simu, na kwa mpiga picha wa studio ni gharama ya siku moja. Mchoro, kwa anayeanza, ni karatasi nzuri ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, tyubu tano au sita za rangi, na brashi mbili, moja nene na moja yenye ncha ya kushika uzi mmoja. Gharama yake kubwa ni jioni zako. Ukimwagiza mchoraji akufanyie, mlipe kwa siku, usimlipe kwa karatasi. Wasanii wa Index walikuwa na mshahara wa serikali, na ndiyo maana waliweza kukaa wiki kadhaa juu ya kipande kimoja bila kukimbizana. Ukimbana mchoraji kwa bei, atachora ua, ataacha mshono.

Kipi kitadumu

Wanaosema mchoro hudumu na picha hupotea wanasema nusu. Rangi ya maji na kitambaa ni ndugu kwa udhaifu wao: katika makumbusho vyote viwili huwekewa mwanga hafifu, kiasi cha lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), na havikai kwenye maonyesho muda mrefu. Nyumbani, mchoro uliotundikwa mkabala na dirisha utachujuka. Huku kwetu pwani kuna unyevu pia, ambao huleta ukungu wa madoa ya kahawia, na wadudu wala karatasi. Mimi wangu uko ndani ya jalada la karatasi isiyo na asidi, kwenye droo ya juu, mbali na ukuta wa nje. Ukutani nimetundika nakala.

Picha ya kidijitali haififii hata kidogo, mpaka siku simu inapoanguka majini. Weka nakala tatu, mojawapo nje ya nyumba yako. Na faili uipe jina la maana: ni viatu vya nani, vimetoka wapi, vimepimwa sentimita ngapi. Wachoraji wa Index walijaza fomu kwa kila mchoro, wakaandika kitu kimetengenezwa kwa malighafi gani, kina ukubwa gani, kilitengenezwa lini, na kiko kwa nani. Picha bila maneno hayo huwa yatima haraka, iwe ya brashi au ya lenzi.

Kinachoachwa nje

Kuna jambo moja kuhusu Index linaloniuma, na ni sehemu ya ulinganisho huu. Mradi ule uliacha kazi za wenyeji wa asili wa Marekani. Walioupanga waliona hizo ni za wanaanthropolojia. Kwa hiyo viatu vyao vya ngozi laini, vilivyotariziwa kwa miiba ya nungunungu iliyotiwa rangi na kubapwa, au kwa shanga, havikupata brashi ya mradi ule, ingawa ni miongoni mwa kazi bora za kutarizi viatu zilizowahi kufanywa katika ardhi ile. Msomaji akifungua michoro 18,000 na kudhani ameiona Marekani yote, amekosea, na kosa halikuwa la brashi wala la kamera. Lilifanywa mezani kabla mtu hajachovya rangi.

Kamera, kwa kuwa ni rahisi, hupunguza hatari hiyo: unapiga vyote, hata usivyovipenda. Brashi hukulazimisha kuchagua, na anayechagua huchagua cha kwao au kilicho kizuri. Mimi mwenyewe nilichora sapatu ya kushoto kwa sababu ya kulia ina doa la mafuta. Doa lile liko kwenye picha tu. Nilipoligundua hilo nilirudi nikaandika chini ya mchoro kwamba mwenzake ana doa, mahali gani, na ukubwa gani, maana bibi alikuwa akipika akiwa amezivaa na mimi nilikuwa karibu kumfutia hilo.

Basi, wewe uchague nini?

Kama viatu vinaondoka leo, vinauzwa au vinarudi kwa mwenyewe, piga picha na usiombe radhi kwa mtu. Picha za pande zote, rula, karatasi nyeupe, mwanga wa dirisha. Kama ni utarizi wa msalaba wa kuhesabika, au nakshi ya ngozi, picha itakutosha kwa mengi utakayouliza.

Kama ni zari, au hariri ya mishono mirefu, na una mtu mzima katika familia anayejua sindano, chora. Chora hata kama mkono wako si mzuri. Anza na ua moja, si kiatu kizima, na uchore ukiwa na kiatu chenyewe mbele yako. Ukichora kutoka kwenye picha utarithi makosa ya picha na kuongeza yako. Kisha mpelekee huyo mtu mzima akiwa bado na macho na nguvu ya kukusahihisha.

Kama wewe ni mbunifu au fundi unayetaka kuirudia kazi ile kwenye kiatu kipya, hutakwepa kufanya yote mawili: picha kwa ajili ya umbo na vipimo, mchoro kwa ajili ya kujua sindano iliingia wapi. Na kama unataka tu kitu kizuri cha kutundika sebuleni, tundika unachokipenda, huhitaji ushauri wangu.

Mimi nilifanya vyote, kwa mpangilio huo, picha kwanza. Jioni ya kumi na nane nilifika petali ya nane, ile iliyochakaa kuliko zote, ambapo zari imeng'oka na mahameli yamebaki wazi. Kwenye picha pale panaonekana uchafu, ukungu mweupe mweupe. Nilitaka kuupita. Nikachukua kioo, nikauona kuwa ni mstari: mchoro wa chaki au unga aliouchora mtarizi kabla hajaanza kushona. Petali aliyoikusudia ilikuwa ndefu zaidi, ikifika karibu na ukingo. Alipofika mwisho akaifupisha, akaacha nafasi ya jani moja dogo ambalo halikuwa kwenye mchoro wake. Nikauacha weupe wa karatasi upite pale, mstari mwembamba, mpaka ulipoishia wa kwake.